Leseni Unayo, Kazi Bado: Mwongozo kwa Rubani Anayeomba Ajira

Leseni ya rubani wa biashara iko mkononi, idhini ya kuruka kwa vyombo umeipata, na daftari lako la safari linasoma saa mia mbili na ushee. Mtaani wanakuita kapteni. Mjomba aliyeuza kiwanja ili ada itimie anauliza kila Idi au Krismasi ni lini atapanda ndege unayoirusha wewe. Shule ilikufundisha kutua kwenye upepo wa ubavu na kuzima moto wa injini, lakini haikukufundisha miezi hii ya kutuma maombi, kunyimwa, na kutuma tena.

Ninawaandikia hasa vijana wa Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar, Nairobi na Mombasa, kwa sababu soko la huku ni dogo na kanuni zake haziandikwi kwenye tangazo la kazi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kunyimwa kazi ya urubani mara nyingi kunatokana na hesabu za shirika kwa wakati huo, na hesabu hizo hubadilika ghafla. Kazi yako kubwa ni kuhakikisha kwamba zikibadilika, wewe bado ni rubani anayeweza kupangiwa safari.

Jua wanachokihesabu

Ndege moja ikiongezwa kwenye shirika, huvuta watu wengi. Wasaidizi wanapanda kuwa makapteni, makapteni wa ndege ndogo wanahamia kubwa, na chini kabisa panabaki viti. Air Tanzania ilipofufuliwa mwaka 2016 kwa Q400 mbili mpya, kisha 2018 zikaja Dreamliner na Airbus A220, mlango wa aina hiyo ulifunguka. Hesabu hiyo hiyo hurudi nyuma. Mwaka 2020 korona iliegesha ndege dunia nzima, na marubani wenye maelfu ya saa wakajikuta kwenye foleni moja na waliotoka shule jana. Mwishoni mwa 2022 baadhi ya A220 za Air Tanzania zililazimika kukaa chini kwa matatizo ya injini. Aliyeomba kazi wakati ule, hata angekuwa hodari kiasi gani, asingeweza kupewa kiti cha ndege isiyoruka.

Kuna pia bima. Kampuni inayokatia ndege bima huweka kiwango cha saa ambacho rubani lazima awe nacho, na rubani mkuu wa shirika hawezi kukivuka hata akikupenda. Ndiyo maana unaweza kusifiwa ofisini na bado usiajiriwe. Ukikutana na mtu wa oparesheni, muulize moja kwa moja: "Bima yenu inataka saa ngapi kwa msaidizi, na ngapi kwa kapteni?" Watu wengi hukujibu bila kinyongo, na jibu hilo litakuokoa na maombi kumi ya bure.

Kwa sababu hiyo, usianzie kwa Kenya Airways au mashirika ya Ghuba peke yake. Leseni ya rubani wa usafiri wa mashirika, ile ya juu kabisa, inadai saa 1,500, wakati yako ya biashara uliipata kwa saa 200, au 150 kama ulisoma kozi iliyoidhinishwa mfululizo. Pengo hilo linajazwa mahali fulani, na huku kwetu mara nyingi linajazwa kwenye Cessna Caravan. Coastal, Auric na Regional Air huzirusha kwenda Serengeti na mbuga nyingine. Pale uwanja wa Wilson, Nairobi, Safarilink na AirKenya hupeleka watalii Maasai Mara. Baadhi ya wateja, hasa wa misaada na makampuni makubwa, hudai marubani wawili hata kwenye Caravan inayoweza kurushwa na mmoja, na kiti hicho cha pili ndicho kinachomfaa mtu wa saa 250. Ngazi inayofuata ni ATR za Precision Air au Dash 8 za Jambojet.

Njia nyingine ni ukufunzi. Wapo wanaoudharau, na mimi naona wanakosea. Mwezi mmoja wa kumfundisha mtu kutua utakuonyesha makosa yako yote, na saa zinaingia kwenye daftari kwa gharama ya mtu mwingine. Kazi ya ofisi ya oparesheni nayo ni nzuri: kuandaa mipango ya safari, kupiga hesabu za uzito, kufuatilia hali ya hewa. Rubani mkuu atakuona kila siku ukifika saa kumi na moja alfajiri, na siku kiti kikipatikana hatahitaji wasifu kujua wewe ni nani.

Karatasi

Wasifu wako uwe ukurasa mmoja. Juu kabisa, kabla ya shule na burudani unazopenda, weka saa: jumla, saa ukiwa rubani kiongozi, injini mbili, vyombo, usiku, na aina za ndege. Zifuatie leseni na mamlaka iliyoitoa, tarehe ya mwisho ya cheti cha afya cha daraja la kwanza, kiwango cha Kiingereza, na siku unayoweza kuanza kazi. Msomaji wa ofisi ile ana lundo la wasifu, na anatafuta namba hizo tu. Akizitafuta na kuzikosa, anaweka karatasi pembeni. Picha, kama wameiomba, iwe ya shati safi. Usivae mistari minne mabegani. Hiyo ni ya kapteni, na anayesoma ni kapteni.

Kama ulisomea Afrika Kusini, Marekani au Ufilipino, anza kubadili leseni siku unayoshuka kwenye ndege. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ya Tanzania au ya Kenya, itaiandikia mamlaka ya kule ithibitishe kwamba leseni ni ya kweli, kisha utafanya mtihani wa sheria za anga, vipimo vya afya na jaribio la kuruka. Haya huchukua muda, na hakuna shirika litakalokungoja. Nimeona kijana akipigiwa simu ya kazi huku faili lake likiwa bado linasubiri barua kutoka ng'ambo. Kiti kikaenda kwa mwenzake.

Daftari la safari ndilo linalobeba heshima yako. Kila ukurasa ujumlishwe, usainiwe, na jumla ya chini ihamie sawasawa ukurasa wa pili. Usijaze saa za kalamu, yaani zile zisizorukwa ila ziliandikwa usiku mezani. Msaili mzoefu hufungua daftari katikati, anaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza: "Hapa ulikwenda Tanga na kurudi, saa 2.4. Kwa nini ilichukua muda huu?" Aliyekwenda kweli atakumbuka wingu lililomzungusha Bagamoyo, au ndege ya abiria iliyomfanya asubiri juu ya bahari. Ambaye hakwenda atatafuta maneno. Namba ya usajili, iwe ya 5H au 5Y, ina daftari lake la kiufundi, na madaftari mawili yakikinzana hakuna maelezo yatakayokuokoa. Ulimwengu huu ni mdogo mno kwa jina lililochafuka.

Ukishakuwa na karatasi safi, zipeleke kwa miguu pia. Barua pepe ni lazima kwa mashirika makubwa, lakini kwa waendeshaji wa ndege ndogo pale Terminal 1 Dar es Salaam, Wilson au uwanja wa Arusha, mtu aliyesimama mlangoni kwa adabu hukumbukwa. Nenda mchana, safari za asubuhi zikishatoka. Salamu kwanza: "Shikamoo Kapteni" kwa mzee, "Habari za kazi" kwa wa rika lako. Sema jina, saa zako, unachoomba, acha karatasi, ondoka. Dakika tatu zinatosha. Rudi baada ya miezi miwili ukiwa na karatasi mpya yenye saa zilizoongezeka, hata kama zimeongezeka tano.

Chumba cha usaili

Maswali ya kiufundi yatatoka kwenye mambo uliyoyasoma mwanzo kabisa, na hapo ndipo wengi huanguka, kwa kuwa wamekesha wakisoma mifumo ya Boeing. Chukua swali hili: Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana joto ni nyuzi 26. Ndege yako inajihisi iko kimo gani?

Usikimbilie namba. Ongea kwa sauti. Kwa hewa ya kiwango, joto la futi 5,500 lingekuwa kama nyuzi 4. Leo ni 26, kwa hiyo tumezidi kwa 22. Kila nyuzi moja huongeza kama futi 120; 22 mara 120 ni 2,640. Kwa hiyo ndege inaruka kana kwamba iko futi 8,100 na kidogo. Kisha ongeza kile ambacho hawakukuuliza: mbio za kurukia zitakuwa ndefu, upandaji utakuwa dhaifu, kwa hiyo ningepunguza mzigo au ningeomba safari ihamie asubuhi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya wasaili watazamane. Wameshajua kwamba hesabu zako zinafika hadi kwenye uamuzi.

Usipolijua jibu, sema: "Sina uhakika, Kapteni. Ningeangalia sura ya utendaji kwenye kitabu cha ndege." Kubahatisha ni kosa kubwa kuliko kutojua, kwa kuwa wanaokusikiliza wanawaza siku utakayobahatisha ukiwa na abiria kumi na wawili nyuma.

Swali litakalokuja karibu kila mahali ni hili: kapteni anafanya kosa, wewe ni msaidizi, utafanyaje? Wengi hujibu kwa heshima iliyopita kiasi, kwa vile tumelelewa kutomsahihisha mkubwa. Soma kuhusu Kenya Airways 507. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege hiyo aina ya Boeing 737-800 iliruka kutoka Douala katika hali mbaya ya hewa. Kapteni aliagiza rubani wa mashine (autopilot) awashwe. Hakuwashwa, na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kulala kulia taratibu gizani mpaka ikashindikana kuirudisha, na watu wote 114 waliokuwemo wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilizungumzia udhaifu wa uratibu kati ya marubani wawili. Msaidizi alikuwa na umri wa miaka 23. Ukijibu swali lile, mkumbuke yeye kwa heshima, na ueleze hatua zako kwa mpangilio: kwanza nasema ninachokiona, "Kapteni, tunalala kulia", asipojibu narudia kwa nguvu nikitaja la kufanya, asipofanya na usalama uko hatarini, nachukua usukani na kutamka kwamba nimeuchukua. Adabu kwa mkubwa inabaki, lakini kwenye chumba cha marubani adabu ya kwanza ni kusema.

Wakitaka mfano wa maisha yako, toa tukio moja lenye mahali na uamuzi. Siku uliyogeuza kurudi kwa sababu ya mawingu ina thamani kuliko siku kumi ulizopenya.

Dada zangu, mnaweza kuulizwa kama mna mpango wa kuolewa au kuzaa. Si haki kuuliza hivyo, na hamna wajibu wa kueleza mipango ya nyumba zenu. Jibu tulivu linalofaa ni: "Nimejipanga kufanya kazi hii kwa ratiba mnayoitoa kwa marubani wote." Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways miaka ya 1990 akiwa mwanamke wa kwanza kuirushia ndege, na mwaka 2014 akawa kapteni wa Dreamliner. Kiti hicho kimeshakaliwa na mwanamke, hakuna cha kuomba radhi.

Kuhusu simuleta, neno fupi. Hawatarajii uijue ndege yao. Wanatazama kama unashika kimo na mwelekeo, kama unasema unachofanya, na kama ukisahihishwa mara moja hulirudii kosa. Kodisha saa moja au mbili za mazoezi kabla, ufanye mambo ya msingi tu.

Jibu likiwa hapana

Barua yenyewe hufanana kila mahali: tunakushukuru, ushindani ulikuwa mkubwa, tunakutakia kila la heri. Nyingine haiji kabisa, na ukimya huo unauma zaidi kwa sababu hujui uache lini kungoja. Jiwekee kikomo: wiki sita zikipita bila neno, hesabu kuwa ni hapana na uendelee.

Zipo hapana za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowavunja watu. Ya kwanza ni ile ya kabla ya usaili. Hiyo inahusu saa, bima au idadi ya viti, na haisemi lolote juu ya mkono wako. Ya pili inakuja baada ya mtihani au simuleta. Hiyo inakuonyesha kitu mahususi cha kufanyia kazi, na inatibika kwa mazoezi. Ya tatu inakuja baada ya kukaa mbele ya watu, ukahisi mambo yalikwenda vizuri, kisha ukakosa. Hiyo ndiyo chungu, na mara nyingi maana yake ni kwamba watano walifaa na viti vilikuwa viwili.

Siku ile ile ya usaili, kabla hujajua matokeo, kaa chini uandike kila swali uliloulizwa na jibu ulilotoa. Ukingoja barua ije, huzuni itakuwa imeshabadili kumbukumbu. Ukinyimwa, tuma ujumbe mfupi wa shukrani na uulize jambo moja tu: ni sehemu gani niimarishe kabla ya kuomba tena, na naruhusiwa kuomba lini? Wengi hawatajibu. Anayejibu amekupa zawadi.

Halafu kuna nyumbani. Anayekuuliza "Vipi, bado hujaanza?" mara nyingi ana upendo, na alichanga. Ukimkwepa, maneno yatajazwa na wengine. Mweleze mara moja vizuri: kwamba leseni ni mwanzo, kwamba mashirika yanataka saa, kwamba una mpango na hii ndiyo hatua uliyofikia. Baba anayeelewa neno "bima" hatakuona mzembe. Kama kuna mkopo, kaeni na aliyekudhamini mkiwa na karatasi, mpange kiasi kidogo cha kila mwezi kutokana na kazi yoyote unayofanya sasa. Deni linalolipwa kidogo kidogo halinyimi mtu usingizi kama deni linalofichwa.

Marubani wana tabia ya kuficha maumivu ya moyo kwa hofu ya kupoteza cheti cha afya. Nakusihi usiingie humo. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, unakunywa ili usiku upite, au unawaza kwamba bora usiwepo, mwambie mtu leo: mzazi, rafiki mliyesoma naye, kiongozi wa dini, daktari. Na usimeze dawa yoyote ya usingizi au ya sonona bila daktari wa anga kujua, kwa kuwa nyingine zinakuzuia kuruka kwa muda. Anayekwenda mapema hutibiwa na kurudi. Hatari iko kwa anayejificha.

Ukiwa unasubiri

Andika kwenye kalenda moja tarehe zote zinazoisha. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa umri wako hudumu miezi 12. Idhini ya vyombo nayo hufufuliwa kila mwaka. Kiingereza kiwango cha 4 hupimwa tena baada ya miaka mitatu, cha 5 baada ya sita, na cha 6 hakirudiwi, kwa hiyo kazana ukifikie. Ili ubebe abiria lazima uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Kama fedha ni chache, usizitawanye: lipia kwanza afya, kisha vyombo, kisha saa moja ya kuruka kila mwezi. Saa moja kila mwezi inaonekana vizuri kwenye daftari kuliko saa kumi na mbili za Januari na ukimya wa mwaka mzima.

Nitasema wazi: usiuze shamba ili ujilipie idhini ya ndege kubwa ya jeti bila barua ya ajira mkononi. Idhini hiyo isiyo na saa ndani yake haimvutii mwajiri, na ikikaa bila kutumiwa inalala. Ya Caravan ni bei nafuu zaidi na huku kwetu ina soko. Hata hiyo, ulizia kwanza kwa rubani mkuu wa mahali unapolenga.

Ukipata barua pepe inayokutangazia kazi Dubai au Doha bila usaili, ikidai utume fedha za viza au za vipimo, ifute. Mwajiri wa kweli hatozi fedha ili akuajiri. Tovuti ya shirika lenyewe ndipo mahali pa kuhakikisha.

Muda wa kuomba tena ukifika, usitume barua ya zamani. Andika kitu kama hiki:

"Niliomba nafasi ya rubani msaidizi mwezi Machi na sikufanikiwa. Tangu wakati huo nimeongeza saa 64, kati yake 20 za vyombo, nimefuzu kuwa mkufunzi, na nimefanya mazoezi ya simuleta kwenye eneo mlilonishauri. Cheti changu cha afya kinaishia Februari mwakani. Niko Arusha na ninaweza kufika ofisini kwenu kwa taarifa ya siku moja."

Ambatanisha wasifu wenye tarehe ya leo na kurasa mbili za mwisho za daftari. Itume kwa ofisi ya ajira, na nakala kwa rubani mkuu kama mliwahi kuonana.